Jina Moja Mlangoni mwa Darasa la Nne

Sogeeni karibu, ila msiegemee ukuta. Hadithi yenyewe ni ya ukuta.

Miongoni mwa watoto wa darasa la nne walikuwepo watatu. Nakijwa alisema wazi anachotaka. Mbonea, ukimuuliza "kwa nini?", hakosi jibu. Eliwaza haamini kitu mpaka akipime.

Basi ukuta wa nyuma ukapata ufa. Vumbi likadondokea madaftari, na ndani ya matofali ukasikika mlio, kre, kre. Watoto arobaini na mmoja wakaogopa hata kusoma wasiweze. Lakini Mwalimu Mkuu Msangi hakupokea malalamiko ya mdomo. Alitaka barua yenye dai, sababu na ushahidi, na aliyemwandikia upuuzi alirudishwa nyumbani wiki nzima.

Nakijwa akaandika dai: "Tunataka kuhama darasa hili mara moja." Akatia jina lake peke yake, maana wenzake wote waliogopa kutia yao.

Mbonea akatoa sababu: umechimbwa mtaro kando ya ukuta, na maji ya mvua yanakula msingi.

Eliwaza alitafuta ushahidi. Siku tatu, wenzake wakiwa mapumziko, alibaki darasani peke yake na rula, shavu karibu na ufa. Jumatatu, nusu sentimita. Jumanne, moja. Jumatano, mbili na nusu! Alitoka mbio.

Wote watatu wakaingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akasoma barua, uso umekunjamana. "Ukuta huu una miaka thelathini. Mbona haujaanguka?"

Mbonea akajibu: "Miaka yote hiyo, Mwalimu, mtaro haukuwepo."

Mwalimu Mkuu akalitazama jina, akavitazama vipimo, akaenda kugonga kengele mwenyewe. Mtoto wa mwisho alipovuka kizingiti, ukuta ukaangukia madawati. Watoto walilia, na Mwalimu Mkuu akalia nao.

Sasa limejengwa darasa jipya, na wazazi wanataka liitwe kwa jina la mtoto mmoja tu.

"Nisingedai mimi, nani angethubutu?" anasema Nakijwa.

"Bila sababu zangu tungerudishwa nyumbani," anasema Mbonea.

Eliwaza amesimama mbali na darasa jipya. Mpaka leo hawezi kukaa karibu na ukuta.

Fundi rangi yuko juu ya ngazi, brashi imeshalowa, anasubiri. Je, ungekuwa wewe, ungemwambia aandike jina la nani?