Chambo cha Nakijwa

Huko milimani Upare walikuwako watu watatu, kila mmoja akikaa peke yake kandokando ya msitu. Senkondo alisoma nyayo kama wengine wasomavyo barua. Kihara mshale wake haukukosa. Nakijwa, mjane, hakuwa na kipaji chochote. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, Tamu, aliyelala naye chumba kimoja tangu wamzike mumewe.

Chui mmoja akala mbuzi wengi wa kijiji, akaanza kunyemelea watoto. Wazee wakatangaza: atakayetuondolea chui huyu atapewa kiwanja katikati ya kijiji, karibu na kisima, asikae tena peke yake.

Senkondo akafuata nyayo siku tatu mpaka akaijua njia ya chui. Lakini kila mbuzi aliyefungwa pale alinyamaza, akala majani.

"Mbuzi asiyelia si chambo," akasema. "Shemeji Nakijwa, wako hajawahi kuachwa peke yake. Huyo atalia."

"Kumbe kosa lake ni kupendwa?"

Senkondo akamnyooshea kamba.

Alasiri moja ya ukungu, Nakijwa akamfunga Tamu kwenye njia ya chui kwa mkono wake. "Narudi sasa hivi," akamwambia, akaenda zake. Tamu akalia. Akalia akimwita. Nakijwa akaziba masikio. Sauti ikapenya vilevile, kisha ikakatika.

Juu ya mti Kihara alikuwa ameachia mshale mmoja tu. Chui akalala kando ya mbuzi, wote wawili wamekufa.

Barazani, mbele ya wazee, Senkondo akaanza kudai kiwanja: "Bila mimi mngewinda ukungu."

"Na bila mimi," Kihara akacheka, "chui angeshiba, akakushukuru." Cheko likamwishia. "Ila nikiri, wazee. Ningeweza kupiga mapema. Nilingoja aume kwanza, maana chui akiuma hutulia."

Nakijwa hakumtazama. "Nami nikiri. Nilimdanganya mnyama aliyeniamini, Mungu anisamehe. Wenzangu wakikosa kiwanja watarudi walikotoka. Mimi nikirudi, hata wa kumwambia nimekosa sina."

"Hata mimi sina, shemeji," akasema Senkondo taratibu.

Kihara akaweka upinde chini. Naye hakuwa na mtu.

Kiwanja kile kilitosha nyumba moja, na jua lilikuwa likishuka.

Haya, ninyi mliosikia, mimi nimeshindwa. Mngekuwa barazani siku ile, mngemwita nani ateremke akae nanyi?