Kisima cha Numani

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa nchi kavu palikuwa na mwanamke mchamungu, Bi Lubaba, mwosha maiti. Alipofiwa na Numani, mwanawe wa pekee, aliuza bustani yake akachimba kisima, akakiweka wakfu ili kila mja akikata kiu pale, thawabu zimfikie mtoto. Kila alfajiri alipita pale kuigusa kamba ya ndoo.

Alipofikia umri wa miaka hamsini, maradhi ya kuhara yaliuingia mtaa ule. Kwa mwezi mmoja aliosha watoto tisa. Wa tisa alikuwa binti ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza. Alipokuwa akimmiminia maji, harufu mbovu ya maji yale ilimpanda puani, naye akazihesabu nyumba za wale watoto moja moja. Zote tisa ziliteka maji katika kisima kile. Maji aliyowaoshea ndiyo yaliyowaua.

Siku mbili hakula. Ya tatu akajitanda ushungi, akaingia katika baraza la liwali, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

"Kisima kifukiwe, bwana."

Liwali akacheka. "Kulikoni, Bi Lubaba, umechoka kumwombea mwanao? Na tangu lini mwosha akasimulia alichokiona?"

"Ya maiti nimeyasitiri miaka ishirini, na nitayasitiri. Ninayoyasema leo ni ya walio bado matumboni mwa mama zao."

Liwali akaacha kucheka, akauliza kwa upole, "Unajua kwamba kikifukiwa, sadaka ya Numani imekatika?"

"Najua," akasema. Liwali akatoa amri kifukiwe.

Kapu la kwanza la udongo alilimimina kwa mikono yake. Tangu hapo mtaa ukawa unateka maji katika chemchemi ya mbali, na wanawake wakamsimanga njiani: "Mtazameni huyo, kamzika mwanawe mara mbili!" Hakuwajibu. Aliwatekea maji wajawazito mpaka mgongo ukapinda.

Watoto wakaacha kufa. Wakakua, wakacheza juu ya udongo ule bila kujua chini yake kuna nini. Bi Lubaba aliendelea kupita kila alfajiri. Mkono uliponyooka kuitafuta kamba, aliurudisha kifuani.

Ndugu zangu katika imani, hatujui Mola alimwandikia nini kwa kapu lile la udongo. Ila ukimaliza kusoma, mwombee Numani. Watoto waliokua kwa kukatika kwa sadaka yake hawakupata kulijua jina lake.