Mwosha Maiti na Kasuku wa Jaani

Yasimuliwa na waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yote, kwamba katika mji wa Basra palikuwa na mwanamke mchaji aliyeitwa Bi Umaima, mwosha maiti wa kike. Mwosha ana amana moja kubwa: alionalo juu ya maiti hulifunika, hata aulizwe na nani. Bi Umaima aliilinda amana hiyo miaka thelathini, na moyoni mwake alijivunia. Hapo ndipo alipojikwaa.

Siku moja alipita nyuma ya jumba la tajiri wa hariri, akaona kitu kikitikisika jaani. Alikuwa kasuku. Bawa moja lilikuwa limevunjika likaunga vibaya, jicho la kushoto limepofuka, na kifuani alikuwa amejinyonyoa mwenyewe mpaka ngozi tupu. Mtumishi aliyekuwa akimwaga taka alimwambia, "Mwache afe, mama. Bibi kamchoka."

Bi Umaima alimfunga katika ukaya wake wa kichwani, akaenda naye nyumbani. Alimlisha tende zilizolowekwa, kidogo kidogo, kwa ncha ya kidole. Kwa kuwa hakuweza kukaa juu bila kuanguka, alimwekea kijiti shubiri moja tu kutoka chini. Kila siku alimpaka mafuta ya ufuta mguuni, palipokuwa na makovu mawili ya moto yaliyokaa sambamba. Miezi miwili ndege hakutoa sauti. Majirani walimtania, "Bi Umaima kazoea wasiosema."

Asubuhi moja alikuwa akiifukiza sanda udi, akashika koleo la ncha mbili ageuze makaa. Kasuku alipoliona alianguka kijitini, akajibanza ukutani, akapiga kelele kwa sauti ya msichana:

"Bibi, si mimi! Wallahi si mimi, bibi!"

Koleo lilimtoka Bi Umaima mkononi. Mwaka uliopita, katika jumba lile lile, alimwosha kijakazi aliyesemwa kafa kwa homa. Mapajani mwake mlikuwa na alama za moto mbili mbili, sawa na za ndege huyu. Aliziona zote. Akazifunika kwa sanda na kunyamaza, akidhani anafanya ibada. Sasa alikaa chini akalia. Alijua kwamba jumbani mle sasa mlikuwa na kijakazi mpya, Yakuti.

Akisema, nani tena atamkabidhi maiti wake? Asiposema, ataitwa tena kule, na safari hii kumwosha Yakuti. Akajitanda nguo, akaenda kwa kadhi.

Sisi tunapenda kisa ambamo ndege hutoa ushahidi na dhalimu akatetemeka. Haikuwa hivyo. Kadhi alisikiliza, akasema, "Ndege hana ushahidi, mama."

"Ushahidi ni wangu, Sheikh. Niliona kwa macho yangu nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilidhani namsitiri maiti. Kumbe nilimsitiri aliyemwua."

Kadhi alituma wanawake wawili waadilifu wakamkague Yakuti. Walirudi wakilia, na Yakuti akaachiwa huru siku hiyo hiyo. Damu ya yule kijakazi wa kwanza haikuthibitika. Shahidi mmoja hakutosha, na mke wa tajiri aliapa kwamba ilikuwa homa, akarudi kwake akakaa. Ama Bi Umaima, hakuitwa tena kuosha mtu. Watu walisema hana kifua.

Baada ya siku chache Yakuti alikuja kumshukuru. Alimtazama kasuku, akauliza, "Mama, yule wa kabla yangu aliitwa nani?"

Bi Umaima alikuwa amemwosha, akamvika sanda, akamwombea, na jina lake hakuliuliza.

Inasemwa kwamba mpaka kufa kwake, kila alipomaliza kusali alikuwa akisema, "Ewe Mola, na yule ambaye sikuuliza jina lake, Wewe wamjua. Mrehemu, kisha unisamehe."

Ndugu zangu katika imani, kusitiri aibu ya mja ni thawabu, hilo halina shaka. Lakini dhulma si aibu ya aliyedhulumiwa. Basi kabla hatujajisifu kwa kunyamaza kwetu, tutazame kwanza tumemnyamazia nani.