Matanga ya Panya wa Mitini

Paukwa, watoto.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa chungu cha kunde na moshi wa jiko la bibi.

Hivyo ndivyo bibi yangu, Mwanashamba, alivyotuanzia asubuhi za kipupwe, tukimenya kunde. Nami nawaanzia hivyo hivyo.

Kulikuwa na njaa. Nyani alijaza pango lake mahindi aliyowapora wenzake. Panya wa Mitini alibakiwa na kibuyu kimoja cha mtama ndani ya tundu la mti. Nyani akakitamani hicho nacho.

"Kesho nakuja kukichukua," akasema. "Ukinizuia, nakutafuna wewe kwanza."

Panya akafikiri. Mwili mdogo hupoa upesi, na kuupasha joto kunataka chakula kingi. Basi njaa ikizidi, akina Panya hufanya kama mama anayefukia makaa kwa majivu: hupunguza joto, hupunguza pumzi, wakakaa siku kadhaa bila kula. Akajikunja, mkia puani. Moyo uliokuwa ukienda tukutukutuku ukawa tuku… tuku… ukawa hausikiki.

Nyani akaja, akamgusa. Baridi. Akampuliza sikioni, fuu. Kimya.

"Amekufa," akatangaza, akijiliza. "Mrithi ni mimi."

Wanyama wakakusanyika. Mzee Kobe akasema, "Pole, mwanangu. Desturi unaijua. Maiti hulindwa siku tatu, mrithi hulisha matanga kwa chakula cha kwake, na cha marehemu hakiguswi."

Nyani akakitazama kibuyu, akameza mate. "Naijua, mzee."

Siku ya kwanza akaleta mahindi, wakala, nyam nyam nyam. Siku ya pili akaleta mahindi, wakala, nyam nyam nyam. Siku ya tatu akakung'uta pango, wenye mahindi wakamaliza mahindi yao, nyam nyam nyam.

Ndipo jua likaingia tunduni. Tuku. Tuku. Tukutukutuku. Panya akapiga miayo, akawaona watu wote wale.

"Poleni kwa msiba," akasema. "Nani amefariki?"

Nyani akalia, na safari hii alilia kweli.

Hadithi nimeipepeta: mchele wenu, chenga zangu. Na fundisho lake, alisema Bibi, ni kwamba usingizi haufai kitu, amkeni mapema mfanye kazi. Kisha alijilaza jamvini, akatuachia kunde zote.

Tulimzika zamani, na bado namkumbuka sana. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini siku ya tatu ya matanga, jua lilipoingia chumbani kwake, nilikwenda kulitazama lile jamvi.