Bei ya Gari Jekundu

Lori lililiponda gari jekundu la mbio ambalo Mwanahawa alirithi kwa babu yake. Akaenda kudai bima.

"Gari la mwaka sitini na tano?" Meneja Mbwambo alicheka. "Binti, hicho ni chuma chakavu. Tutakulipa kwa kilo, na mabaki yanakuwa yetu."

"Haya, baba. Wewe ndiye mjuzi."

Kesho yake, ofisi ikiwa imejaa wateja, akaingia mama mmoja aliyejitanda buibui.

"Nasikia mnauza mabaki ya gari jekundu. Nitawapa bei ya chuma chakavu."

"Chakavu?" Mbwambo akadakia. "Mama, acha utani! Magari kama lile hayafiki matatu nchi nzima. Usukani peke yake unanunua ng'ombe wa maziwa!"

"Lakini ni la zamani, mwanangu."

"Ndiyo utamu wake! Linavyozeeka ndivyo linavyopanda. Lilipokuwa zima, mama, ungelibadilisha kwa nyumba ya ghorofa!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" wateja wakaitikia.

Mama akageukia mlangoni. "Mwanahawa, njoo kwa shangazi. Bwana ameshataja bei."

Mwanahawa akaingia, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, baba. Nimefuata ghorofa yangu."