Mgeni Rasmi wa Ghala la Sukari

"Nina uongo begani, niutue wapi?"
"Utue hapa, ukweli umetuchosha!"
"Ukiwauma je?"
"Tutajikuna!"

Basi palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na ghala. Kila nyumba ilitoa bakuli la sukari na bakuli la chumvi, akiba ya siku ya kipindupindu. Huduma ya kwanza mnaijua: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi. Mimi tumbo langu limezunguka nchi nane na kuniaibisha katika zote nane, kwa hiyo katika somo hili mimi ni profesa.

Mwenye ufunguo alikuwa Kiboko. Mwili mkubwa, mdomo mkubwa, shibe hana. Wakimuuliza, "Mheshimiwa, akiba ipo?" anajibu, "Tuko tayari!" Mvua ikamwagika, wakamuuliza. "Tuko tayari!" Choo cha kina Ngiri kikafurika mpaka kisimani, wakamuuliza. "Tuko tayari!"

Kipindupindu kikaingia. Kwa Mama Kima wakazika wawili siku moja. Kesho yake mama yake Pimbi akaanza kuhara, macho yakazama, sauti ikakatika.

Pimbi ni mnyama asiyezidi kiatu changu. Akakimbia, tipu tipu tipu, hadi ghalani. Ngo! Ngo! Mlango ukafunguka kidogo, pua ya Kiboko ikatokeza.

"Nani?"
"Mimi Pimbi. Mheshimiwa, mama anakwisha. Naomba sukari kidogo na chumvi chembe."
"Ghala halijazinduliwa, binti. Linamngoja mgeni rasmi akate utepe."
"Anakuja lini?"
"Taratibu zinaendelea."
"Na mama yangu?"
"Mwambie asiwe na hofu. Tuko tayari!"

Pu! Mlango ukafungwa.

Pimbi akatazama chini. Sisimizi walikuwa wanatoka chini ya mlango, mmoja nyuma ya mwingine, wamenuna, hakuna aliyebeba hata punje. Akawafuata, tipu tipu tipu. Msafara ukaenda moja kwa moja mtoni, nyumbani kwa Kiboko, ukaingia dirishani. Waliotoka dirishani walikuwa wamebeba sukari.

Alitaka kulia. Akaona machozi nayo ni maji, yasipotee bure. Akapita kwa majirani: "Chemsheni maji, leteni vikombe, mlete na mama yangu." Kisha akarudi ghalani akihema.

"Mheshimiwa! Mgeni rasmi yuko njiani! Nasikia kuna mikokoteni mitatu ya miwa!"
"Mitatu?"
"Mitatu! Ila ataanza kukagua ghala."
"Akague... ndani?"
"Ndani, gunia kwa gunia. Akikuta pengo, anageuka na miwa yake."

Kiboko akatimua mbio. Ndi! Ndi! Ndi! hadi nyumbani, gunia begani. Ndi! Ndi! Ndi! hadi ghalani, pu! Sukari, pu! Chumvi, pu! Hata kopo la sukari ya chai yake, pu! Jasho linamchuruzika. Nimetembea sana jamani: mkubwa hakimbii kwa ajili ya mgonjwa, lakini mtajie mgeni, hata rangi ya ukuta itakauka siku hiyo hiyo.

Ghala likajaa pomoni. Kiboko akafunga utepe, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Ghala hili ni lenu! Haya, mgeni rasmi yuko wapi?"

Machela ikawekwa chini.

"Huyu hapa," Pimbi akasema. "Mama yangu."
"Huyu? Huyu ni mgonjwa tu!"
"Kwani ghala la dawa lilikuwa linamngoja nani?"

Akaukata utepe kwa meno, kacha! Wanyama wakamiminika ndani. Mama yake Pimbi akanywa kikombe, akatapika. Akanywa kingine, kikatulia. Jioni akapewa uji, akasema umepikwa ovyo. Hapo Pimbi akajua mama amerudi.

Kiboko je? Hakuguswa. Alibaki jukwaani, kifua mbele: "Mmeona? Niliwaambia tuko tayari!" Na wanyama, wenye vikombe mikononi, wakampigia makofi! Pa! Pa! Pa!

Mama Kima hakupiga. Alisimama akauliza, "Sukari hii, juzi ilikuwa wapi?"

Akaambiwa akae, anaharibu sherehe.

Uongo wangu umekatikia hapo. Mwenye uzi auunge.

Na funzo, wanangu: mwananchi mwema haulizi akiba iko wapi. Achange, apige makofi, na akifa, afe taratibu, asiwakatishe wakubwa hotuba.