Mnana na Tawi la Heshima

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Utakachotupa ndicho!

Haya, itikieni kwa nguvu, maana leo nimechoka na siwezi kuivuta hadithi peke yangu. Na nyinyi wa chuo mliorudi likizo, inukeni hapo mkekani. Hadithi ya leo ni yenu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kusikilizana kutushinda sisi, ndege waitwao minana walikuwa na chuo chao. Kilikuwa kwenye mti wa mgunga. Somo lilikuwa moja tu, kusuka kiota. Mwanafunzi alijifunza kuchana jani la nyasi mbichi, akajifunza kufunga fundo kwa mdomo, akajifunza kukining'iniza kiota kisianguke. Akihitimu, alipewa tawi kwenye mgunga uleule. Waliliita tawi la heshima.

Hakuna aliyeuliza ng'ambo ya kilima kuna nini. Kwa nini aulize? Mtihani haukuuliza.

Basi alikuwapo Mnana mmoja, kijana, mama yake mjane. Huyo alihitimu vizuri, akapewa tawi lake, na mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Sasa, desturi ya minana mnaijua? Dume husuka kiota, kisha hujining'iniza chini yake, kichwa chini miguu juu, akipiga mabawa na kuita. Jike huja, huingia, huvuta nyasi kwa mdomo kujaribu uimara. Akiridhika, hukaa. Asiporidhika, huenda zake. Na kiota kikikauka kikawa rangi ya udongo, hakuna anayekitazama tena. Dume hukifumua chote, akaanza upya kwa nyasi mbichi. Msimu wa nyasi ukiisha hana mwenzi, basi mwaka umempita.

Mnana alisuka. Akaning'inia, akaita tangu jua kuchomoza.

Akaja binti wa kwanza. Akaingia, akavuta, akatoka.

"Kiota hakina neno, kaka," alisema. "Mti ndio siutaki."

Akaruka, akaenda zake.

Mnana aliacha kuning'inia kichwa kikimwuma, akaenda kwa Kunguru. Kunguru alikuwa kikongwe aliyekaa kileleni mwa mgunga, na ndege wote walimheshimu kwa ushauri wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Nimekataliwa, bibi."

"Pole. Ni fundo lako hilo, halikukaza. Fumua usuke tena. Mtoto wa hapa hafanikiwi kwa kuhangaika, hufanikiwa kwa kutulia."

Mnana akafumua, akasuka tena. Akawa akisuka huku akiimba, na nyinyi mniitikie:

Nisuke, nifumue, nisuke tena,
mdomo umechoka, moyo umechoka,
tawi ni lilelile, jua ni lilelile.

Siku hizo alikuwa akipita Mbayuwayu, yule msafiri mwenye mkia wa panda. Akatua kidogo kupumua.

"Kaka Mnana, kule bondeni mtoni kuna matete mengi. Twende ukaone. Kuona si kuhama."

"Nasubiri, ndugu yangu. Hapa nina tawi."

Kunguru kule juu akacheka. "Usimsikilize huyo. Hana kwao. Nyumba yenyewe anajenga kwa tope!"

Mbayuwayu akakunjua mabawa. Aliruka akaenda.

Akaja binti wa pili. Akaingia, akavuta, akatoka.

"Kiota hakina neno, kaka. Mti ndio siutaki."

Mnana akarudi kwa Kunguru.

"Ni mlango wako," Kunguru akasema. "Umeupanua mno. Fumua, mjukuu wangu, usuke tena."

Akafumua, akasuka tena. Nyasi za karibu zilikuwa zimekwisha, akawa anazifuata mbali na kurudi nazo jua likimchoma mgongo. Manyoya ya kifua yakampukutika. Mama yake akamletea mbegu, akamtazama anavyokula amefumba macho. Mniitikie, lakini polepole, kijana amechoka:

Nisuke, nifumue, nisuke tena,
mdomo umechoka, moyo umechoka,
tawi ni lilelile, jua ni lilelile.

Mbayuwayu akapita tena. "Kaka, matete bado yapo."

"Nitakuja msimu mwingine," Mnana akasema, na hata kichwa hakuinua.

Kumbe si yeye tu aliyekuwa na taabu mtini pale. Hata waliopata wenzi hawakulea. Leo mayai yapo, kesho hayapo. Kila yakipotea palikuwa na msiba, na kila msiba Kunguru ndiye wa kwanza kufika. Alilia kuliko wafiwa. "Nyoka huyo," alisema, "nyoka hana huruma." Matanga yakiwekwa na chakula kikiletwa, Kunguru hakugusa hata punje. Watu wakasema, "Mwoneni bibi yetu. Uchungu umemziba koo."

Akaja binti wa tatu. Huyu naye alikuwa amechoka, maana alikuwa ametazama viota vingi. Akaingia, akavuta, akatoka.

"Kiota hakina neno, kaka. Mti..."

Mnana akaangua kilio. Alilia pale pale alipo, kichwa chini miguu juu, machozi yakimtiririkia utosini.

"Nimekaza fundo! Nimepunguza mlango! Nifanye nini tena?"

Binti akamhurumia. Akatua kando yake.

"Nani alikuambia fundo ni baya?"

"Bibi Kunguru."

"Huyo bibi," binti akasema taratibu, "umewahi kumwona akila kwenye matanga?"

"Hali kwa uchungu."

"Dada yangu alikaa mti huu. Alitaga mara tatu, akafiwa mara tatu. Na alikula kwenye matanga yote, tena akilia, kwa sababu mfiwa ana njaa kama watu wengine. Anayekataa chakula kila siku ni aliyekwisha shiba. Sasa jiulize ameshibia wapi."

Mnana akatazama kileleni. Akamkumbuka Kunguru akimwambia tulia, fumua, tulia. Hasira alitaka kuwa nayo, lakini hata hasira inataka nguvu. Alichopata ni uchovu mzito tu.

Binti akaruka. Hakumsubiri, na wala hakumwahidi kitu.

Mbayuwayu alipopita mara ya tatu, Mnana hakungoja aitwe. Alimuaga mama yake. Mama akasema, "Nenda, mwanangu. Nilitaka ukae karibu nami, lakini si kwa kuozea hapa." Kunguru akapaza sauti kutoka kileleni, "Utapotea! Huko hakuna anayekujua!" Na hilo lilikuwa kweli, Mnana alilijua, akaondoka hivyo hivyo.

Msidhani huko alipokewa kwa ngoma. Alifika bondeni hoi. Minana wa pale walisema kwa lafudhi nyingine. Alipofunga fundo lake la chuoni kwenye tete, upepo ukavuma, tete likayumba, kiota kikaanguka majini. Wenyeji wakacheka.

"Hilo fundo la mti, mgeni! Tete linacheza. Hapa tunafunga matete mawili pamoja, na tunaliachia fundo nafasi ya kupumua."

Mhitimu mzima akakaa chini kuanza upya. Aliuliza, akakosea, akauliza tena. Lakini haikuwa kama kule mgungani. Kule alikuwa akirudia kosa ambalo si lake. Huku alikosea makosa yake mwenyewe, na kila moja lilimfunza kitu.

Nyasi zilikuwa zinaanza kunyauka alipomaliza kiota. Akaning'inia, sauti yenyewe haitoki vizuri. Binti mmoja wa bondeni akaja. Akaingia, akavuta upande huu, akavuta upande ule.

"Kimepinda," akasema.

"Najua," Mnana akajibu.

Binti hakutoka. Mnana alining'inia pale akisubiri aondoke, mpaka akasinzia.

Mnana alimtuma Mbayuwayu amweleze mama yake habari za matete na za Kunguru, na mama akawaambia wengine. Wakaanza kuhama mmoja mmoja, mgunga ukabaki na viota vikavu. Kunguru alipoona njaa inamtafuna, akawafuata bondeni. "Wajukuu zangu, nimewakumbuka!" Akatua juu ya tete. Lakini tete hubeba mnana, halibebi kunguru. Lilipinda likamtumbukiza majini mpaka shingoni. Akajaribu la pili, likamtumbukiza. La tatu, vivyo hivyo. Akarudi alikotoka kwa miguu, manyoya yamemganda, na hakuna aliyemfukuza wala kumwita.

Mnana alimtazama mpaka akapotelea kilimani. Kisha akawaza nyasi zote alizosuka na kufumua mtini kule, na mabinti watatu waliomwambia ukweli, na yeye akausikia kama tusi. Akaona uchungu. Siku hazifumuliwi zikasukwa tena.

Mafunzo ni haya, sitayapamba. Chuo hukupa mdomo wa kusukia, ila tawi utalitafuta mwenyewe, na huenda liko mahali ambapo fundo lako halijulikani. Ukikataliwa mara nyingi, usiukimbilie moyo wako kuulaumu. Utazame na mti. Na anayekuambia kila siku usitoke, msalimie kwa heshima, lakini kwanza mwulize: nikikaa hapa, wewe unakula nini?

Hadithi imefika ukingoni. Aliyeipenda aibebe aende nayo mbali. Asiyeipenda aiache hapa mkekani, nitailalia mimi.